Kabla hujatuletea maji kwenye chupa ya soda

Masika yakianza, wananchi wanaotaka maji yao yapimwe huongezeka hapa maabara. Tunashukuru, ni haki yao. Tatizo ni chupa zenyewe: nyingi ni za soda, nyengine bado zinanukia chungwa, na maji yamekaa kwenye buti la gari tangu juzi. Maji hayo hatuyapimi vijidudu. Tukikataa, msione tuna kiburi.

Chupa iliyotakaswa inatolewa hapa hapa. Ndani mna dawa kidogo ya kuzima klorini, kwa hiyo usiisuuze. Fungua mfereji, yaache maji yakimbie dakika 2 au 3, kisha kinga bila ya kugusa mdomo wa chupa. Bakisha nafasi juu. Andika mahali, chanzo na saa. Tia kwenye deli lenye barafu na ulete siku hiyo hiyo. Ikipita saa 24, tutakurudisha ukachukue mengine.

Halafu kuna lile la “kisima chetu kitamu, babu zetu wamekinywa”. Babu zako hawakuzungukwa na karo za vyoo kila upande. Jiwe letu la matumbawe limejaa nyufa, na maji ya karo hupita humo bila ya kuchujika, ndiyo maana kuhesabu hatua kutoka chooni hadi kisimani peke yake hakutoshi. Kuchimba nako kunataka kibali: anza na ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, si na fundi.

Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu. Hakuondoi chumvi wala naitreti, kemikali inayotoka kwenye vyoo na mbolea. Maji yakipungua kwa kuchemka, naitreti huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Ikizidi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni na midomo hugeuka buluu.

Na ile harufu ya klorini mnayoilalamikia ndiyo kinga yenyewe. Maji yakifika mferejini yanatakiwa yawe nayo angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ukiyaacha siku mbili kwenye pipa lisilo na mfuniko, harufu huondoka, na kinga huondoka nayo.

Majibu ya vijidudu hayatoki papo kwa papo, kwani lazima vioteshwe hadi kesho yake. Kutupigia simu kila saa hakuviharakishi. Chemsheni huku mkisubiri.