Mulika mwizi haifai bustanini

Tena nimeambiwa kikaoni, "Injinia, wewe weka tu mulika mwizi mbili pale kati, bustani iwake kama mchana, wezi wenyewe watahama." Nimechoka kujibu hili kwa mdomo, wacha niandike.

Mulika mwizi, ile taa kali ya juu ya mlingoti mrefu, ni taa ya mahali pa wazi. Ukisimamisha mlingoti wa mita 30 Kibera mwanga unatua kwa mabati na kwa njia, watu wanapata nafuu, sina ubishi. Lakini bustani ina miti jamani! Mwanga ukitoka juu ya mjakaranda unaishia juu ya mjakaranda, na chini yake, pale penye benchi na njia, panabaki giza, tena giza baya kuliko la mwanzo kwa sababu macho yako yameshazoea ule ukali wa pembeni.

Jaribu leo usiku. Simama mahali taa kali inakupiga usoni halafu angalia kichaka kilicho chini yake, huoni kitu. Sasa inua kiganja ufunike ile taa peke yake, usifunike kichaka. Majani yanajitokeza, shina linajitokeza, na kama kuna mtu amesimama hapo unamwona. Mwanga wa kichakani haujaongezeka hata kidogo, kilichoondoka ni ule uliokuwa unakuingia machoni. Na macho yakishapigwa hivyo yanahitaji dakika 20 hadi 30 ndio yazoee giza kabisa, sasa wewe unayekata Uhuru Park hapa Nairobi kutoka tao kwenda Community, kule Upper Hill, dakika hizo utazitoa wapi?

Namba nazipitia haraka. Kiwango cha Ulaya cha taa za barabara, EN 13201, daraja P4, kinataka njia ya miguu iwe na wastani wa laksi 5 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na penye giza zaidi pasishuke chini ya 1. Mbalamwezi kamili haifiki hata laksi 1. Kila mtu ananiuliza wastani, hakuna anayeuliza ile namba ya chini, na ndiyo inayotisha watu. Njia yenye laksi 5 sawasawa inapitika kuliko yenye 40 hapa na giza totoro pale mbele. Halafu laksi za chini ardhini ni za kuonea shimo tu, uso wa mtu unataka mwanga unaotoka ubavuni, tunaupima mita 1.5 kutoka chini, ili umtambue anayekuja kabla hajakukaribia. Ndio maana nataka nguzo fupi za mita 4 au 5, zikaribiane, taa zisichome macho, rangi ya 3000K, yaani mwanga wa manjano kidogo. Zile nyeupe za 6500K hapana, zinavuta wadudu na zinaumiza macho.

Kuhusu wezi wenyewe, hapo sina jibu la kuapia. New York mwaka 2016 walipeleka minara ya taa kwa mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje usiku ukashuka kama asilimia 36, na ile minara ilikuwa mikali kweli, jambo linalonisumbua mpaka leo. Uingereza halmashauri nyingi zilizima au kufifiza taa za barabarani, na utafiti uliotoka 2015 haukuona uhalifu ukipanda. Bado sijaweza kupatanisha hizo mbili.

Ila njia isiyo na watu usiku msiiwashe, nawaomba. Mkiiwasha mnamwita dada wa watu apite mahali hakuna askari, hakuna mama wa mahindi choma, na geti la mwisho limefungwa. Washeni njia moja au mbili zinazotokea upande wa pili na mageti yake yaachwe wazi.

Na mchoro wa miti unifikie kabla nguzo hazijachimbiwa, uonyeshe kila mti utakavyotanda baada ya miaka kumi, sio mche ulivyo leo.