Makohozi hayana kitu, lakini mgonjwa ana TB

"Makohozi yamepimwa, hakuna TB." Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga ya mwili) zimeshuka, majibu ya hadubini hayanitoi wasiwasi hata kidogo.

Lile tundu la kwenye pafu la mgonjwa wa TB, tunaloliona kwenye picha ya kifua, huletwa zaidi na kinga ya mwili inapopambana na vimelea. Kinga ikiwa hoi, matundu hayatokei na vimelea hawamwagiki kwenye makohozi. Hadubini nayo huhitaji vimelea 5,000 hadi 10,000 kwa mililita moja ndipo iwaone. Ugonjwa unaweza kuwa umeshafika kwenye tezi, figo na hata ubongo, na makohozi yakabaki safi.

Kwa hiyo hatusubiri kikohozi kifikishe wiki 2. Kikohozi hata cha jana, homa, jasho la usiku au kupungua uzito, kimojawapo kinatosha kumpima TB. Makohozi yaende GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea cha TB, na aliyelazwa au mwenye CD4 za chini sana apimwe pia mkojo kwa LAM, kipimo kinachotafuta mabaki ya kimelea cha TB. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda: unadondoshea mkojo kidogo kwenye kijikaratasi, unasubiri dakika 25, unasoma mstari. Mgonjwa asiye na nguvu ya kukohoa, mkojo anao. Ila LAM ikiwa hasi haimfutii mtu TB. Dalili zikielekea huko na hali ikawa mbaya, naanza dawa.

Dawa za TB ni nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Hapa kuna jambo linalosahaulika mno: rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini livunje haraka dolutegravir, ambayo ni dawa ya VVU. Anayetumia TLD (kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, dolutegravir ikiwemo) anameza kidonge chake kama kawaida, halafu saa 12 baadaye anaongeza dolutegravir ya miligramu 50 peke yake, hadi wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. (Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni dawa, si figo.)

Ambaye hajaanza ARV aanze ndani ya wiki 2 tangu aanze dawa za TB. Ikiwa TB iko kwenye utando wa ubongo, tunangoja wiki 4 hadi 8. Baadaye kidogo homa inaweza kurudi na tezi zikavimba, watu wakasema dawa zimemzidi. Mara nyingi ni kinga iliyoamka. Asiache kidonge hata kimoja, arudi kliniki: tukishahakikisha si usugu wa dawa wala maambukizi mengine, huenda prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, ikamtosha.