Je, wajua kwa nini tokeni za stima za shilingi 500 hazileti uniti zilezile kila mwezi?

Kinyozi wa Kondele, Kisumu, hununua tokeni za shilingi 500 kila zinapokwisha. Mwezi huu anapata uniti kadhaa, mwezi ujao zimepungua, ilhali mashine ni zilezile na hajasikia popote kwamba stima imepanda. Wengi hudhani mita imeharibika. Jibu limo kwenye ujumbe wa simu unaoleta tokeni, ule ambao sisi hunakili tarakimu zake 20 kisha tukaufuta. Pesa zako zimegawanywa mafungu mawili hapo: za uniti zenyewe, na za gharama nyingine.

Bei ya msingi hupangwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kwa kipindi cha miaka kadhaa. Zilizoanza Aprili 2023 ziliwekwa za kufika 2026. Hizo ndizo zilizoshusha kiwango cha wateja wa bei nafuu kabisa kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Ukivuka mpaka huo kwa wastani wa miezi mitatu unahamishiwa kundi la juu, na hiyo peke yake yatosha kukupunguzia uniti.

Lile fungu la pili ndilo lisilotulia. Mna ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo la asilimia 5 la kusambaza stima vijijini. Mna pia marekebisho ya thamani ya shilingi na gharama ya mafuta, na haya hubadilika mwezi baada ya mwezi. Mafuta? Ndiyo, japo sehemu kubwa ya stima yetu hutoka kwenye mvuke wa Olkaria kule Naivasha, maji, upepo na jua. Jioni, nchi nzima inapowasha taa na kupika, jua limeshatua, na mitambo ya mafuta huitwa kuziba pengo.

Mafuta yakipanda, nyongeza hiyo hupita moja kwa moja hadi kwa mteja. Kampuni inayouza haiumii. Kwa bidhaa nyingine mteja angehama duka, lakini laini inayoingia kwa kinyozi ni moja tu. Ndiyo maana mdhibiti yupo: afanye kazi ambayo ushindani ungeifanya.

Na uwezo anao. Tazama stima inayopotea njiani, kwenye nyaya chakavu na kwa wanaoiba: ni zaidi ya uniti 20 katika kila 100 ambazo kampuni hununua kwa wazalishaji. EPRA huweka kikomo cha upotevu unaoweza kutiwa kwenye bei, na unaozidi hapo ni hasara ya kampuni. Hapo kampuni ina sababu ya kuziba mianya.

Kwa nini bei ya mafuta nayo isiwe hivyo? Katika jimbo la Hawaii, Marekani, bei ya mafuta ikitofautiana na iliyokadiriwa, wateja hubeba asilimia 98 ya tofauti na kampuni ya umeme asilimia 2, hadi kikomo fulani. Asilimia 2 ni kidogo, lakini anayenunua mafuta akijua senti zake zimo, huuliza bei mara mbili. Hapa kwetu naona hata sehemu ndogo kama hiyo ingemsaidia mteja kuliko kupunguziwa bei kwa tangazo la siasa.

Sheria ya Nishati ya 2019 inataja pia fidia kwa mteja aliyepata hasara kwa uzembe wa mwenye leseni. Lakini mwenye friji ya samaki ufukweni Dunga, aliyekatikiwa na stima usiku kucha, hawezi kungoja wakili. Ingefaa fidia iingie yenyewe kama uniti kwenye mita yake, kwa saa zilizopotea. Kabla ya bei mpya kupangwa, mdhibiti huita wananchi watoe maoni. Hapo ndipo muuza samaki huyo angepaswa kupewa hesabu za kampuni kwa Kiswahili, siku za kutosha kabla ya kikao, azisome na kuuliza kila tozo limetoka wapi.