Pikapu imezama, boti bado iko kwenye trela: yanayosemwa dikoni na ukweli wake

Gari likizama mchangani wakati wa kushua boti (kuiingiza majini), washauri hawakosi. Mmoja anataka dereva akanyage mafuta, wa pili keshafungua mnyororo, wa tatu anaita vijana waje wasukume. Makosa mengi yanayofuata hapo yana asili moja: watu wanaongeza nguvu ya kuvuta kabla hawajapunguza kinachovutwa. Haya ndiyo yanayosikika mara kwa mara kwenye madiko (vituo vya boti ufukweni) ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, na jinsi mambo yalivyo hasa.

"Muda upo, maji bado yako mbali"

Inategemea ni siku gani na saa ngapi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya pwani hii hupwa kwenye saa nne au saa tano na kujaa kwenye saa kumi, mchana na usiku. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita tatu na zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kama mita moja tu, na saa zake hugeuka.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua bamvua la mita 3.2 lililopwa saa nne na nusu asubuhi. Kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu mchana maji yatapanda sentimita 80 kila saa, yaani sentimita 20 kila robo saa. Kitovu cha gurudumu la pikapu ya kawaida kiko kama sentimita 36 kutoka chini, na hapo ni gari ambalo halijazama. Kwenye ufuko wenye mteremko wa mita moja kwa kila mita 20, ukingo wa maji unasogea mita 16 ndani ya saa hiyo moja.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni "maji yanajaa au yanapwa?" Yakiwa yanapwa, una nafasi ya kuchimba na kufanya kazi kwa utulivu. Yakiwa yanajaa na uko katikati ya zile saa mbili, fanya mambo kwa mpangilio na usirudie jaribio lililoshindwa mara mbili. (Mwanza na Kisumu hawana shida hii. Wao adui yao ni tope.)

"Mchanga wa karibu na maji ni mgumu, hauzamishi"

Ni mgumu ukitembea juu yake kwa miguu, au gari likipita bila kusimama. Gari likisimama pale mawimbi yanapofika, kila wimbi linaporudi baharini linachota mchanga kando na chini ya tairi, na ule uliobaki unakuwa kama uji kwa sababu umejaa maji. Unaona kwa macho: mawimbi kumi, na tairi limeshuka nusu shubiri bila mtu kugusa gia. Ndiyo maana gari linalosubiri boti ifunguliwe kamba huzama wakati limetulia tu.

Fungua kamba zote za boti mapema, mahali pakavu, ubakishe ile ya omo (mbele ya boti) peke yake. Kwenye maji gari likae kwa sekunde, siyo kwa mazungumzo.

"Kanyaga mafuta, litatoka"

Litatoka chini. Tairi likizunguka bila kusogea linachimba, na kinachokuja kukuzuia baada ya hapo ni difu (boksi la gia katikati ya ekseli) na chesi kukalia mchanga. Likishalala kwa tumbo, tairi hazina uzito wa kushika chochote, hata kama zote nne zinazunguka.

Jaribu mara moja tu: 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne), gia ya pili, mguu mwepesi, usukani umenyooka. Likikataa, acha. Rudi nyuma kidogo kama njia ipo, kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu mchanga ule umeshakandamizwa.

"Upepo wa tairi usiguswe, utaharibu tairi"

Hii ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Tairi lenye upepo wa PSI 32 hadi 35 hukata mchanga kama kisu. Lishushe hadi 16 au 18 kabla ya kuingia ufukweni, na tairi za trela uzishushe pia. Likiwa limeshazama unaweza kufika 12 hadi 14. Tairi haliongezeki upana sana kama watu wanavyodhani. Linarefuka kwa chini, alama yake inakuwa ndefu, na uzito unasambaa.

Ukishusha hivyo, usikate kona kali wala usiendeshe mbio, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na usiingie lami kabla ya kujaza tena, litachemka na kupasuka. Kwa sababu hiyo pampu ya kuchomeka kwenye betri ni ya lazima kuliko kamba.

"Vuta vyote kwa pamoja: gari, trela na boti"

Hapa tupige hesabu. Chukua pikapu ya tani 2.1, na boti ya faiba pamoja na injini na trela yake tani 1.6. Jumla tani 3.7. Waokoaji wa magari hutumia kanuni hii: gari lililozama hadi usawa wa magurudumu linahitaji mvuto unaokaribia uzito wake wote, na lililozama hadi kwenye madigadi linahitaji mara mbili yake. Maana yake unatafuta mvuto wa tani 3.7, au zaidi ya 7 mambo yakiharibika. Sasa angalia sheko uliyonayo, ile pingu ya chuma yenye pini ya kuzungusha. Ya milimita 19, ambayo wengi huiona kubwa mno, imepimwa kubeba tani 4.75.

Punguza mzigo kwanza, hivi:

Boti ikiwa inaelea au karibu kuelea, imalize safari yake. Mtu mmoja ashike kamba ndefu ya omo akiwa pembeni, mwingine aachie ndoano ya winchi ya trela (pipa linalokunja waya wa kuvutia), boti isukumwe kwa upande wa omo. Asisimame mtu yeyote kati ya trela na maji. Boti ikishatoka, umeondoa zaidi ya nusu ya mzigo wa nyuma bila kuvuta chochote.

Kisha tenganisha trela. Kabla ya kuinua kishikio, weka mawe au magogo nyuma ya tairi zake (utingo wa lori hasahau kigogo chake, na wewe usisahau), chomoa plagi ya taa, na mnyororo wa usalama uufungue mwisho kabisa. Weka ubao chini ya kigurudumu cha mbele cha trela, la sivyo kitazama chote. Funga trela kwa kamba ya mita 20 au zaidi iliyonyooshwa hadi pakavu. Gari likitoka, litaivuta kutoka kwenye ardhi ngumu.

Boti ikiwa nzito, haielei, na maji yanajaa, mara nyingi ni busara kuliondoa gari kwanza na kuiacha boti ingoje maji juu ya trela yake, imefungwa nanga. Boti imeumbwa kukaa majini. Gari halikuumbwa hivyo.

Ndipo uchimbe. Chepe moja inatosha kama unajua pa kuchimba: mbele ya kila tairi upande unaotokea, kwa mteremko mrefu kama mkono mzima, halafu chini ya difu mpaka uone mwanga upande wa pili. Mchanga uutupe mbali, usiurundike unapopita. Tandika mbao, magunia au makuti chini ya tairi. Makuti hufanya kazi vizuri kwenye mchanga mkavu, ila yanarushwa nyuma kwa kasi, kwa hiyo watu wakae pembeni. Mbao zikaguliwe misumari.

Mara nyingi, baada ya hayo yote, gari linatoka lenyewe.

"Funga mnyororo kwenye kichwa cha trela, ndicho imara"

Usifanye hivyo hata siku moja. Kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya gari kimetengenezwa kuburuta trela kwa mvuto wa polepole. Kikipigwa mshtuko hukatika shingoni, na mkanda wa kuvutia ulionyooka unakirusha kama jiwe la manati. Australia na Marekani watu wamekufa kwa kichwa cha trela kilichopasua kioo na kumkuta dereva kwenye kiti. Funga kwenye ndoano iliyoshikwa na boliti kwenye chesi yenyewe. Vile vitanzi vyembamba vya kufungia gari melini usivitumie.

Mnyororo nao haunyumbuki, kwa hiyo kila mshtuko unaishia kwenye chuma dhaifu kuliko vyote. Kamba ya manila ya plastiki hukatika bila taarifa. Kuna mikanda ya aina mbili, na kuichanganya ndipo ajali zinapotokea. Ule wa nailoni hurefuka kama robo ya urefu wake na umekusudiwa kuvuta kwa mwendo. Ule wa poliesta haurefuki karibu kabisa na ni wa kuvuta taratibu, kwa winchi au gari lililokwisha kukaza mkanda. Uwezo wa kukatika wa mkanda wa nailoni uwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya yale mawili.

Pini ya sheko kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha irudishe kidogo, robo mzunguko, isije ikagoma kufunguka. Mvuto uwe umenyooka na gari. Watazamaji wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa mkanda: mkanda wa mita 9, wao mita 14, tena pembeni, wasiwe kwenye mstari wake. Blanketi au gunia zito katikati ya mkanda hupunguza kuruka kwake, ila halizuii kipande cha chuma.

Gari la pili likikosekana na una winchi, tafuta mnazi uliokomaa, uuzungushie mkanda mpana chini kabisa karibu na mizizi. Kapi hupunguza mzigo wa winchi kwa nusu na mwendo pia kwa nusu. Hakuna mti? Zika tairi la akiba kina cha mita moja, uso wake ukielekea unakovuta. Waya wa winchi usiishe kwenye pipa: mizunguko mitano ibaki.

"Vijana wapande nyuma waongeze uzito"

Kwenye mchanga uzito huzamisha. Wateremke wote.

"Handibreki inatosha kwenye mteremko wa zege"

Kwenye magari mengi handibreki hushika tairi za nyuma tu, na hizo ndizo zimekanyaga mwani na utelezi. Boti ikianza kuelea inazidi kuzipunguzia uzito. Acha gari kwenye 4L na gia ya kwanza, au P kwa otomatiki, ili na za mbele zifungwe. Kigogo nyuma ya tairi la mbele. Wakati wa kurudi nyuma majini vioo viwe wazi na mkanda wa kiti umefunguliwa, lakini gari likivutwa na jingine, mkanda ufungwe.

"Limezimika majini, piga stata"

Kama maji yamefika usawa wa mdomo wa kuvuta hewa, usiguse ufunguo. Maji hayakandamiziki. Pistoni ikikutana nayo, kinachopinda ni koni rodi, mkono unaoishika pistoni. Fungua sanduku la chujio la hewa. Likiwa na maji, gari livutwe hivyo hivyo, gia huru.

"Limetoka, kazi imekwisha"

Habu za trela zilizochemka barabarani zikitumbukizwa kwenye maji baridi hunyonya chumvi ndani, kwa sababu hewa iliyomo inasinyaa. Zipumzishe kabla ya kushua, na jioni zimwagie maji baridi ya bomba, chini ya gari pia, breki hasa. Badilisha grisi ya beringi mapema. Kesho yake legeza boliti ya chini ya difu utoe oili kidogo kwenye kikopo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote na uweke mpya kabla gari halijatembea tena.