Raga ya wanawake: yanayosemwa barazani Malindi na yaliyoko uwanjani

Jumapili ya mwisho ya Agosti 2025 nilikuwa mgahawani hapa Malindi, karibu na ufuo, pale ambapo Wataliano wetu huja kunywa kahawa ya kikombe kidogo. Runinga ya ukutani ilikuwa imewekwa raga: Italia na Afrika Kusini, katika mji wa York kule Uingereza, Kombe la Dunia la Wanawake. Mzee mmoja wa Kitaliano, aliyekaa Malindi miaka mingi hata bei ya nguru huibishania kwa Kiswahili, alikuwa amesimama mikono kichwani. Afrika Kusini wakashinda 29–24, na kwa ushindi huo wakaingia robo fainali kwa mara yao ya kwanza. Mzee akakaa, akasema "Basi," akaagiza kahawa nyingine.

Kijana anayehudumia meza akaniinamia: "Dada, hii ni mechi ya maonyesho tu, ama kuna kitu wanashindania?"

Maswali ya namna hiyo huishia kwangu kwa sababu huwafundisha wasichana wachache kurusha mpira wa yai kwenye mchanga, maji yakipwa. Mwenye swali huuliza. Mwenye hukumu yake tayari, naye huniletea. Nimeyasikia kwa muuza kahawa, kwa msusi, kwenye foleni ya mbaazi na mahamri, na mengi yamepinda.

"Ni kitu cha juzi, wanawaiga wanaume"

Kombe la Dunia la kwanza la raga ya wanawake lilichezwa Wales mwezi Aprili 1991. Timu zilikuwa 12, na fainali ikapigwa Cardiff: Marekani 19, England 6. Wanaume walianza lao mwaka 1987. Tofauti ni miaka minne, kwa hiyo kama hili ni la juzi, na lile pia ni la juzi.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi lilivyoanza. Bodi ya kimataifa ya raga haikuliandaa wala haikulitambua. Waliolisimamisha ni wanawake wanne wa klabu ya Richmond ya London: Deborah Griffin, Sue Dorrington, Alice Cooper na Mary Forsyth. Waliandika barua, wakatafuta viwanja, wakatafuta pa kuwalaza wageni. Timu ya Umoja wa Kisovieti ilifika haina pesa, imebeba vodka na vyakula vya kwao ili iviuze ijikimu, na watu wa forodha wakaja kuuliza maswali. Nilipomhadithia ami yangu, nahodha wa jahazi mstaafu, hakushangaa hata kidogo. "Sisi tulikuwa tukienda Lamu na maembe, turudi na pesa ya mafuta," akasema. Kombe la kwanza lililopewa idhini rasmi lilikuwa lile la Amsterdam, 1998.

Na tukitaka kurudi nyuma zaidi, yuko Emily Valentine wa Enniskillen, Ireland. Karibu mwaka 1887, timu ya shuleni waliyochezea kaka zake ilipungukiwa na mchezaji. Mtoto wa kike akavua koti na kofia, akaingia.

"Ubingwa ni wa Waingereza tu"

Hili husemwa na walioanza kutazama mwaka jana. England wamecheza fainali 9 kati ya 10 zilizokwisha kufanyika, ni kweli, lakini wamepoteza sita. Wana vikombe vitatu: 1994, 2014 na 2025. New Zealand, wanaoitwa Black Ferns, wanavyo sita. Marekani wana kile kimoja cha Cardiff, ambacho hawajawahi kukiongezea.

"Wanawake wana sheria zao, za huruma huruma"

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Hakuna sheria za huruma. Dakika ni 80. Wachezaji ni 15 kila upande. Skramu ni ile ile ya wanane kwa wanane, mabega kwa mabega, na trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi tano. Mkwaju unaofuata trai ni pointi mbili, penalti tatu. Na kadi nyekundu haimbembelezi mtu.

Anayebisha namwambia atafute fainali iliyochezwa Novemba 2022 katika uwanja wa Eden Park, Auckland. Lilikuwa kombe la 2021 lililoahirishwa kwa ajili ya Korona. England walikuja wakiwa wameshinda mechi 30 mfululizo. Dakika ya 18 winga wao Lydia Thompson akagongana kichwa kwa kichwa na mpinzani katika kumkaba, refa akatoa kadi nyekundu. England wakacheza zaidi ya saa nzima wakiwa 14, na bado wakawa wanaongoza kwa muda mrefu.

Mwisho wenyewe ulikuwa hivi. New Zealand wako mbele 34–31, muda umekwisha, na England wanapata penalti karibu kabisa na mstari. Wangeweza kupiga mkwaju, wapate pointi tatu, wasawazishe. Wakakataa. Wakaupeleka mpira nje ili waurushe wenyewe kutoka pembeni, wamwinue mmoja wao juu, audake, kisha kundi zima lisukume hadi ndani. Mechi ile ile walikwisha kufunga mara kadhaa kwa mbinu hiyo, na uwanja mzima ulijua kitakachokuja. Mpira ukarushwa. Wenzake wakamwinua Joanah Ngan-Woo wa New Zealand, akanyoosha mkono, akauharibu ule mpira hewani. Basi, kikombe kikabaki Auckland, mbele ya mashabiki 42,579.

Walipaswa kupiga mkwaju? Mimi nasema hapana, na tumegombana juu ya hilo na kaka yangu mpaka leo.

"Si wasichana wetu walishaenda Kombe la Dunia?"

Wengi hapa wanaapa wameiona Kenya Lionesses, timu yetu ya raga ya wanawake, kwenye Kombe la Dunia. Walichokiona ni Olimpiki. Lionesses walicheza Rio 2016 na wakacheza Tokyo, na wote tulikesha. Lakini ile ni raga ya wachezaji saba kila upande: nusu mbili za dakika saba, mbio tupu, uwanja mpana na watu wachache. Kombe la Dunia ninalolizungumzia ni la wachezaji 15, na huko Kenya haijawahi kufika. Wanaume wetu wa 15 nao hawajafika, kwa hivyo asicheke mtu.

Ila tulilikaribia mno. Mwaka 2019 Afrika Kusini waliichapa Kenya kwenye Kombe la Afrika la wanawake wakachukua tiketi ya moja kwa moja. Kenya, waliomaliza wa pili, wakapewa mlango wa nyuma: kwanza wapambane na Colombia, mshindi aendelee na safari ya kufuzu. Mechi ikachezwa Nairobi, Nyayo, Agosti 2021. Kwao nyumbani. Colombia 16, Kenya 15.

Pointi moja. Muuza kahawa wetu aliposikia hivyo aliweka dele chini, akarudia mara mbili kama mtu anayehesabu chenji yake akaikuta pungufu. Alikuwa amekaa na fikra kwamba wasichana wa Kenya hawajafika kwa sababu hawawezi. Kutoweza na kukosa pointi moja ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2023 Lionesses walikwenda Dubai kwenye mashindano ya kimataifa ya wanawake yaitwayo WXV, ngazi ya tatu, yaliyokuwa na timu kama Ireland, Fiji na Hispania. Mashindano hayo yalipita kimya kabisa hapa kwetu. Kulikuwa na mechi za ligi ya soka ya England za kujadili.

Kombe la 2025 nalo, pamoja na kuongezwa timu hadi 16, lilikuwa na timu moja tu ya Afrika, Afrika Kusini. Na hao si wanyonge. Katika robo fainali walikuwa 10–10 na New Zealand hadi mapumziko, kabla ya kuzidiwa 46–17. Mshambuliaji wao wa safu ya mbele, Babalwa Latsha, mwaka 2020 alikwenda Eibar, Hispania, akawa Mwafrika wa kwanza mwanamke kulipwa mshahara kwa kucheza raga ya 15.

"Hakuna anayetazama", na pacha wake "Hao wanaogelea kwenye pesa"

Fainali ya 27 Septemba 2025, England na Canada, ilichezwa Twickenham, London, mbele ya watu 81,885. Kwa saa zetu ilianza saa 12 jioni. Nilikuwa nimeiweka kwenye simu, Canada wakatangulia kufunga, England wakajibu upesi kupitia Ellie Kildunne aliyewapangua wakabaji kama mtu anayepita sokoni siku ya Ijumaa. Adhana ya magharibi ikalia, nikaizima. Niliporudi England walikuwa wameshika usukani, na wakamaliza 33–13.

Pesa? England ndio wenye afadhali. Walianza kuwapa wachezaji mikataba ya kulipwa wakati wote Januari 2019, nao walikuwa 28 tu. Canada, wale wale wa fainali, iliwabidi wapitishe bakuli kwa umma, lengo likiwa dola milioni moja za kwao, ili kufidia gharama za maandalizi. Wakafika fainali na bakuli lao.

"Raga itamharibu binti yangu"

Akina mama hulisema kwa sauti ya chini, na wanachokiogopa ni uzazi. Mmoja alinishika mkono nje ya duka la leso akaniuliza waziwazi: "Mwanangu atazaa?" Nikamweleza habari ya Abbie Ward wa England. Alijifungua Julai 2023, akarudi kwenye klabu yake kabla mwaka haujaisha, na kwenye ile fainali ya Twickenham akafunga trai. Chama cha raga cha England huwalipa wachezaji wake wanaojifungua mshahara kamili kwa wiki 26.

Lakini sitaki kudanganya. Raga inaumiza. Hofu ya kweli imo kichwani na magotini. Mtikisiko wa ubongo si jambo la "amka, jikung'ute". Mchezaji anayeshukiwa hutolewa uwanjani apimwe, na kwenye kombe la 2025 wengi walivaa kinga za meno zenye taa iliyowaka nyekundu kichwa kikipata kishindo kikubwa. Kano ya goti nayo hukatika, na wanawake hupata jeraha hilo zaidi kuliko wanaume. Ufuoni kwetu mimi sina taa wala daktari, kwa hivyo hatukabani kabisa. Tunagusana kiunoni kwa mikono miwili, basi. Mama akisema anaogopa goti la mwanawe, hiyo si dhana potofu, namwitikia.

"Mwislamu hawezi, lazima avae kaptula na aache kichwa wazi"

Kwa Malindi hili ndilo zito kuliko yote. Hukumu ya dini ina wenyewe, mimi si shekhe. Ninaloweza kulijibu ni la kanuni za mchezo.

Kanuni ya mavazi ya raga, ya nne kwenye kitabu, inaruhusu mtandio wa kichwani kwa sharti kwamba usimhatarishe anayeuvaa wala mwenzake. Inawaruhusu pia wanawake kuvaa suruali ndefu ya kubana chini ya kaptula. Kilichokatazwa ni vitu vigumu na vyenye ncha: pini, ndoana, zipu, pete. Kwa maana hiyo mtandio wa kufunga kwa pini hauruhusiwi, wa kushonwa unaruhusiwa. Kule London yuko Zainab Alema, nesi wa watoto wachanga, mama wa watoto, na mshambuliaji wa safu ya mbele, mahali pazito kuliko pote katika skramu. Hucheza amejifunika kichwa, mikono na miguu. Wenyewe wanamwita Buldoza.

Nilimwonyesha picha yake bibi mmoja wa mtaani kwetu, mjukuu wake ni kati ya wasichana wangu wenye mbio kuliko wote. Bi mkubwa akavaa miwani, akaitazama simu kwa muda, asiseme kitu kuhusu dini wala raga. Akauliza: "Huo umeshonwa kwa kitambaa gani?"

Jumamosi iliyofuata akaja ufuoni mwenyewe, saa moja asubuhi, wavuvi wanashusha samaki. Mjukuu alikuwa amevaa mtandio wa kitambaa cha fulana, mweusi, umeshonwa shingoni kwa lastiki na kuingizwa ndani ya jezi. Bibi akanivuta kando ya yule mtoto.

"Ushike hapo nyuma," akaniambia. "Haya, vuta. Si hivyo, vuta kama adui."

Nikavuta. Haukutoka. Akavua viatu, akaketi kwenye ukingo wa ngalawa iliyopandishwa, akatuambia tuanze.