Masomo tangulizi ya udaktari Marekani, na jinsi nesi anavyoweza kuyasoma kwa bei nafuu

Kwenye ratiba za vyuo vingi vya jamii Marekani (community college, vyuo vya umma vya miaka miwili) kuna kemia mbili, na kwa mtu aliyetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee zinafanana kama mapacha. Moja ni kemia ya wanafunzi wa afya: mara nyingi semesta moja, hesabu chache, ogania na baiokemia zimeguswa juu juu. Nyingine ni kemia ya jumla, sehemu ya kwanza na ya pili, kila sehemu na maabara yake. Ile ya kwanza inakufikisha unesi. Inayohesabika shule ya udaktari ni hii ya pili. Binti mmoja ninayemfahamu alisoma ya kwanza, akapata A, akajua kemia ameshaimaliza. Ilipita miaka miwili ndipo akaambiwa kwamba hata hajaianza.

Aliyekosea si yeye. Hakuna aliyewahi kumweleza masomo tangulizi ni kitu gani.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea njia nyingine. Tanzania, mtoto akitoka kidato cha sita na PCB nzuri anaingia udaktari moja kwa moja, miaka mitano. Fizikia, kemia na baiolojia zimeshapimwa na mtihani wa taifa, chuo kinaangalia alama tu. Marekani hakuna mtihani wa taifa wa namna hiyo. Shule ya udaktari ni ya miaka minne, na kwa kawaida unaingia baada ya digrii ya kwanza. Digrii yenyewe inaweza kuwa yoyote: historia, muziki, uhasibu, unesi. Kwa kuwa ni yoyote, shule inataka uhakika kwamba mwombaji amepita kwenye sayansi za msingi, na uhakika huo ndio masomo tangulizi. Hayana cheti, na ukiyamaliza hakuna anayekupigia makofi. Ni kozi zinazoonekana kwenye karatasi zako za matokeo, hata kama moja umeisoma chuo hiki na nyingine kile.

Kozi zenyewe, kwa shule nyingi, ni mwaka wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ogania na mwaka wa fizikia, zote na maabara, halafu semesta ya baiokemia. Zinaongezeka takwimu au hisabati, Kiingereza, na mara nyingi saikolojia na sosholojia. Kila shule ina yake: ipo inayokubali baiokemia badala ya nusu ya pili ya ogania, na zipo zilizoacha kabisa kutaja kozi kwa majina. Lakini mtihani wa kuingilia, MCAT, unauliza mambo hayo hayo, na tangu 2015 una sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia. Kwa hiyo hata shule isipoidai baiokemia, mtihani utaidai.

Sasa mtu aliye kwenye unesi anakuwa ameshapata nini? Saikolojia, takwimu na Kiingereza kwa kawaida anazo tayari. Anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia zinamsaidia, kwa sababu zikifundishwa na idara ya baiolojia huingia kwenye wastani wa alama zake za sayansi, ingawa shule nyingi hazizichukui badala ya ule mwaka wa baiolojia ya jumla. Kozi za unesi zenyewe haziingii kwenye wastani huo. Mwanafunzi wa famasia amekaa vizuri zaidi, maana kemia ya jumla, kemia ogania na baiolojia alizihitaji ili aingie huko alipo.

Tuje kwenye pesa, ambako ndiko watu wetu wanaumia.

Ruzuku ya Pell ni fedha ya serikali kuu isiyorudishwa, na katika mwaka wa masomo 2024–25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Raia anaweza kuiomba, na mwenye grini kadi pia. Sharti ambalo wengi wanalijua wakiwa wamechelewa ni kwamba ukishapata digrii ya kwanza, Pell imekwisha. Nimeona watu wakikimbilia kufunga digrii ya unesi, jambo jema kabisa kwa mwenye familia ya kulisha huku na nyingine nyumbani, kisha wanarudi darasani kwa ajili ya fizikia na ogania wakilipa kila senti mfukoni. Kozi zile zile, mwaka mmoja kabla, zingelipiwa.

Ndiyo maana ninamsihi kila anayebeba boksi huku ana ndoto ya udaktari: sayansi zako zitangulie digrii. Wapo wanaoanza na diploma ya unesi ya chuo cha jamii, wanapata leseni, wanaanza kazi, halafu wanasoma taratibu kuikamilisha digrii. Kipindi hicho cha katikati ni cha thamani kubwa. Mshahara ni wa nesi kamili, digrii bado haijafungwa, na programu nyingi za kukamilishia digrii zina nafasi za kozi za hiari. Jaza fizikia humo, jaza ogania. Lakini mwone mshauri wa masomo kwanza, kwa kuwa msaada wa serikali huhesabu kozi zinazoingia kwenye digrii unayoisomea tu. Mwombe aziweke kama kozi zako za hiari, naye akuandikie.

Kama uko chuo kikuu kwa muda kamili, isome karatasi ya ada kwa makini. Vyuo vingi vinatoza ada moja kuanzia krediti (kipimo cha uzito wa kozi) 12 hadi 18 hivi kwa semesta. Mwenye krediti 13 na mwenye 17 wanalipa sawa, kwa hiyo kemia ya krediti nne hapo haikuongezei ada, labda malipo ya maabara na kitabu.

Chuo cha jamii nacho kina hesabu yake. California, mkazi wa jimbo anatozwa dola 46 kwa uniti, yaani krediti, kwa hiyo kemia ya uniti tano ni dola 230. Minnesota, ambako kuna Wakenya wengi kwenye sekta ya afya, mpango wa North Star Promise ulioanza 2024 unafuta ada katika vyuo vya umma kwa familia zenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka, kwa asiye na digrii bado. Na kama unafanya kazi hospitali, ofisi ya utumishi iulize kama wanalipia masomo: mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi ya serikali kuu juu ya fedha hiyo.

Mwenye viza ya mwanafunzi njia yake ni nyembamba zaidi, na ni haki aambiwe mapema. Pell hapati, ada anayolipa kwa kawaida ni ile ya wageni, na shule nyingi za udaktari hazipokei wanafunzi wa kigeni.

Swali linaloulizwa sana ni kama shule za udaktari zinadharau chuo cha jamii. Nyingi zinakubali kozi zake. Zipo zinazotaka kuona umefaulu pia sayansi za ngazi ya juu chuo kikuu, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu, baiolojia, kemia ya jumla na fizikia zisome chuo cha jamii, baiokemia ibaki chuo kikuu. Tahadhari na maabara za mtandaoni, maana baadhi ya shule hazizipokei.

Na tafadhali usiibebe ogania katika semesta ya mazoezi ya wodini. Maabara ya ogania inakula mchana mzima, wodi inataka uwe umefika alfajiri, na nyumbani kuna mtoto. Ukifeli, kurudia hakufuti: mfumo wa maombi wa shule za udaktari, AMCAS, huhesabu alama zote mbili, ile mbaya na ile nzuri. Likizo ya kiangazi, ogania peke yake, ni afadhali, na Pell inaweza kutumika kiangazi pia. Ila huwezi kuipokea vyuo viwili kwa wakati mmoja. Chuo chako lazima kiwe na makubaliano na hicho kingine, na karatasi hizo hujazwa kabla kozi haijaanza.

Kabla hujalipia, chukua namba ya kozi na silabasi yake, uwaandikie shule mbili tatu unazozitamani, uulize kozi hii hii, ya chuo hiki hiki, kama inakubalika. Wengi hujibu. Yule binti sasa yuko kemia ya jumla, sehemu ya pili. Silabasi zake amezipanga kwenye faili moja la bluu, na kila silabasi ameibania barua pepe ya jibu nyuma yake.