Tezi dume si mambo ya ukoo wa baba tu
Jamaa mmoja kijiweni anasema yeye hana wasiwasi na saratani ya tezi dume kisa babake na babu hawakuugua. Hapo ndo wengi tunapigwa chenga, jeni ya BRCA2 yenye hitilafu, ile inayoongeza hatari ya saratani ya tezi dume na ya matiti pia, hata mama anaweza kukurithisha, so kama mamako au mama mdogo aliugua saratani ya matiti mwambie daktari, usione aibu. Kwa wenye hitilafu hiyo ugonjwa huwa mkali zaidi, na ukisambaa unapenda mifupa, mgongo na nyonga, mtu anameza panadol miezi akidhani ni mizigo aliyobeba. Ila kuna dawa, olaparib, vidonge, Marekani waliiruhusu 2020 kwa wenye hitilafu kama hiyo ambao saratani imesambaa na tiba ya homoni imegoma. Na PSA, kipimo cha kuchunguza tezi dume, ni cha damu tu jamani, sio kile cha kidole mnachokikimbia.